Gia Moja ya Kupanda Riat

Baiskeli yangu ina gia moja, na nyumbani kwangu ni juu ya kilima cha Riat. Anayeijua barabara ya Kisumu kwenda Kakamega ataona mara moja kwamba mambo hayo mawili hayapatani. Kutoka Kibuye, ninakoshona sare za shule, unapita Kondele, unafika Mamboleo huku barabara ikiinuka kidogo kidogo bila kukuambia, halafu Riat yenyewe inaanza. Ziwa liko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Ukikaribia Kiboswa umeshaongeza mamia ya mita, na zote umezipanda kwa mapaja yako. Asubuhi naserereka hadi kazini. Jioni nalipa.

Watu huniuliza kwa nini nisichukue baiskeli ya gia nyingi, na mitumba ipo tele. Niliwahi kuwa nayo. Njia yetu ya kutoka lami hadi nyumbani ni udongo mwekundu, na mvua za Aprili zikianza, udongo huo hujaa kwenye kibadilisha gia mpaka cheni inarukaruka yenyewe. Gia moja haina waya wa kukatika wala chuma kinachoning'inia kikingoja jiwe. Cheni ni nene, friwili (ile gia ya nyuma inayoachia usipokanyaga) ni moja, na fundi yeyote wa kando ya barabara anaijua. Kwa hiyo gia moja haikuwa swali. Swali lilikuwa meno mangapi mbele na mangapi nyuma, na hilo limenishughulisha kuliko nilivyotarajia.

Hesabu yenyewe ni fupi. Gawa meno ya mbele kwa meno ya nyuma, uzidishe kwa mzingo wa gurudumu, upate mita unazosogea kila pedali ikizunguka mara moja. Mzingo niliupima kwa tepu yangu ya kazini. Nilichora alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, nikakaa juu ya baiskeli ili uzito wangu uikandamize tairi, nikaisukuma hadi alama irudi chini. Tepu ya fundi wa nguo huishia sentimita 150, hivyo ilibidi kupima mara mbili, na jibu likawa mita 2.14. Magurudumu yangu ni yale ya saizi ya 700 yenye tairi nyembamba. Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, ina gurudumu kubwa kidogo, mzingo wake ni kama mita 2.2, kwa hiyo usinakili namba zangu kama zilivyo ukadhani zitakukaa.

Baiskeli niliinunua ikiwa na 46 mbele na 16 nyuma. Huo ni uwiano wa 2.875, yaani zaidi kidogo ya mita 6.1 kwa kila mzunguko wa pedali. Kwenye tambarare ni raha tupu. Ukiwa Nyalenda unaelekea Dunga, unakanyaga kwa starehe na bado unawapita wenye baiskeli za mizigo. Ni uwiano wa watu wa mji usio na mlima, na aliyeufunga huko baiskeli ilikotoka hakuwahi kuisikia Riat.

Ukitaka kujua uwiano unafaa mlima wako, usiulize unaweza kupanda au huwezi. Karibu kila mtu anaweza, siku moja, akiwa na hasira. Uliza unapanda kwa kasi gani ukiwa umechoka, kisha uhesabu pedali. Mimi jioni, baada ya siku nzima ya kukanyaga cherehani, na begi mgongoni na pakiti mbili za unga kwenye keria, napanda Riat kwa takriban kilomita 9 kwa saa. Hizo ni mita 150 kwa dakika. Ukigawa kwa 6.1 unapata mizunguko isiyozidi 25 kwa dakika. Huko si kuendesha tena. Kila pedali inafika juu inasita, unamwaga uzito wote upande mmoja, inashuka, unamwaga upande wa pili. Mikono inavuta usukani, baiskeli inayumba, na nyuma yako kuna matatu ya Kakamega isiyotaka kujua unayumbia upande gani. Magoti nayo yanasema lake. Nilianza kuhisi maumivu mbele ya goti, chini ya kile kifuniko, asubuhi nikishuka kitandani.

Cherehani ya kukanyaga ndiyo iliyonifanya nielewe jambo hili kuliko mtu yeyote. Gurudumu kubwa liko chini, dogo liko juu, mkanda kati yao. Mguu mmoja polepole unazaa mishono mingi ya haraka. Ukiweka turubai badala ya kitambaa cha sare, mguu uleule unakwama, na hapo hakuna nguvu ya kuongeza. Unazungusha kwa mkono, mshono mmoja mmoja. Riat ni turubai.

Gia ya mbele ndiyo niliyobadilisha kwanza. Ile ya Black Mamba haikufaa kwa sababu kranki zake (mikono inayoshika pedali) hukazwa kwa pini na zangu ni za boliti. Lakini baiskeli nyingi za zamani za mbio zilikuja na gia mbili mbele, 52 na 42, kwa hiyo kwenye rundo la vyuma vya mitumba 42 hupatikana ukiwa na subira. Niliipata ikiwa na kranki zake, za milimita 170, wakati zangu za awali zilikuwa 165. Watu hupuuza urefu wa kranki. Milimita tano ni asilimia tatu ya wenzo, karibu sawa na nusu ya jino nyuma. Sheldon Brown, yule fundi wa Marekani aliyefariki 2008, alipendekeza urefu wa kranki uingizwe kwenye hesabu yenyewe badala ya kuhesabu meno na gurudumu peke yake, na akiwa mlimani mtu anaona alikuwa na haki.

Kwa nyuma nilikwenda kwa mzee mmoja pale Kibuye ambaye amefunga baiskeli tangu boda boda za Kisumu zikiwa za pedali tupu, kabla pikipiki hazijafurika. Friwili za Black Mamba zina uzi uleule wa habu yangu (kitovu cha gurudumu), inchi 1.37 na nyuzi 24 kwa inchi, kwa hiyo unafungua moja na kukaza nyingine bila kuchonga chochote. Unachotakiwa kuangalia ni cheni. Cheni nene ya gia moja hukaa kwenye meno membamba bila shida ila kelele kidogo. Cheni nyembamba ya baiskeli ya gia nyingi haiwezi kuingia kwenye meno manene. Mzee alinipa 18 bila kuuliza, kwa sababu 18 ndiyo kila mtu anachukua.

Kwa 42 na 18 nilipata mita 5 kamili kwa mzunguko. Ile kasi ya jioni ya kilomita 9 ikawa mizunguko 30. Tofauti ya mizunguko mitano sita inaonekana ndogo kwenye karatasi. Barabarani ni tofauti ya kusimama kwenye pedali mlima mzima na kusimama pale tu panapokaza. Maumivu ya goti yalitulia, ingawa pia nilikuwa nimeinua kiti kidogo wakati huohuo, na kiti kilichoshuka sana huumiza mahali palepale, hivyo siwezi kuipa friwili sifa yote.

Hapa ndipo wengi husimama, na pengine ningesimama pia kama nyumba yangu ingekuwa kando ya lami.

Niliporudi kwa mzee nikitaka meno 20, aliinua uso kutoka kwenye rimu aliyokuwa anainyoosha.

"Ishirini ya nini, kijana wangu? Wewe hubebi mtu wala makaa."

"Jaduong', nikiacha lami kuna kile kipande cha udongo."

"Si unasimama tu kwenye pedali?"

"Nikisimama tairi inazunguka bure."

Akacheka, akavuta kopo la friwili kuukuu chini ya meza. "Basi hapo umesema kitu."

Nilichomwambia mzee ndicho ningemwambia yeyote anayeishi kwenye milima ya huku kwetu. Kwenye lami kavu, uzito wa gia unaweza kuuficha kwa kusimama. Unaacha kiti, unaweka mwili mzima juu ya pedali, na gia nzito inakubali. Lakini ukisimama, uzito wako unahama kwenda mbele, na gurudumu la nyuma linabaki jepesi. Kwenye udongo uliolowa, au kwenye changarawe iliyolegea wakati wa kiangazi, pigo moja zito la pedali linalizungusha gurudumu hilo mahali pamoja, mguu unashuka ghafla bila kupata kitu, na wewe uko chini na unga wako. Pale lazima ukae kitini ili nyuma ishike, na ukikaa unabaki na nguvu ya miguu peke yake. Kwa hiyo mahali palipoamua gia yangu si palipo na mwinuko mkali kuliko pote. Ni kale kapande kafupi kabla ya nyumbani ambako siwezi kusimama. Lami ya Riat ningeipanda kwa 18 hadi uzeeni.

Mvua za Kisumu hupenda kuja alasiri na jioni. Joto la mchana linapanda, upepo wa ziwa unaingia nchi kavu, mawingu yanajikusanya juu ya vilima, na unapofunga kazi mbingu ziko tayari. Ndiyo maana hesabu yangu naifanya kwa jioni yenye matope, siyo kwa asubuhi ya Jumamosi. Upepo huohuo una wema wake: alasiri unavuma kutoka ziwani, kwa hiyo napanda nikiwa nao mgongoni, na alfajiri hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani, nikishuka nao tena mgongoni.

Kwa 42 na 20 baiskeli inasogea mita 4.5 kwa mzunguko. Kilomita 9 kwa saa zimekuwa mizunguko 33, na nikiwa nimekaa kitini nabaki nimekaa. Kubadilisha kwenyewe hakukuhitaji kukata cheni. Kila jino unaloongeza nyuma hulivuta gurudumu mbele kama milimita tatu, kwa hiyo meno mawili ni milimita sita, na nafasi hiyo ipo ikiwa fremu yako ina mfuo mrefu unaolala, yaani ule mwanya ekseli inamokaa. Fremu nyingi za mitumba za milimani zina mfuo uliosimama, na hizo haziachi nafasi ya kukaza cheni. Itabidi uongeze kile kijigurudumu cha kuivuta. Angalia hilo kabla ya kununua fremu, kwa sababu baadaye hakuna dawa ya bei nafuu.

Kuhusu kubadilisha mbele au nyuma: jino moja nyuma, pale kwenye 18 au 19, ni zaidi ya asilimia tano. Jino moja mbele ni kama asilimia mbili na nusu. Ukitaka badiliko utakalolisikia, anza nyuma, na friwili ni rahisi kuliko gia ya mbele.

Watakaopinga watasema tambarare itanichosha. Kidogo. Kwa mita 4.5, mizunguko 90 kwa dakika inanipa kilomita 24 kwa saa, na kati ya Mamboleo na Kibuye, pamoja na matatu zinazosimama popote zinapotaka na mikokoteni ya Kondele, hakuna mahali ninapoweza kwenda kilomita 24 kwa saa kwa muda wa maana. Mteremko nao hauhitaji gia yoyote. Friwili inaachia, nakaa, nashika breki. Kwenye mteremko wa Riat hesabu pekee inayofaa ni ya mpira wa breki, na kama rimu zako ni za chuma cha kung'aa, ujue kwamba zikilowa breki zinashika nusu ya kawaida au chini. Za alumini ni afadhali sana.

Sasa niseme juu ya fiksi, kwa sababu vijana wa mjini wameanza kuzipenda. Hii ni gia isiyo na friwili: gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, upende usipende. Habu yangu ina uzi pande zote mbili, na upande wa pili nilifunga fiksi ya meno 17 ambayo binamu yangu aliniletea kutoka Nairobi. Kupanda nayo kuna utamu ambao sikuutegemea. Pedali inapofika juu na mguu hauna nguvu, mwendo wa baiskeli unaivusha, kwa hiyo fiksi ya 17 mlimani inajisikia nyepesi kuliko friwili ya 17. Kwenye msongamano wa Kondele unaweza kutambaa polepole kama jongoo bila kuweka mguu chini.

Kushuka ndiko shida. Kwa 42 na 17 ni mita 5.3 kwa mzunguko, na kilomita 40 kwa saa, ambayo Riat inakupa bila kuombwa, ni mizunguko 126 kwa dakika. Miguu haiendeshi tena, inaburutwa. Ukijaribu kuizuia kwa nguvu inakurusha kwenye kiti. Na kadiri unavyopunguza uwiano ili upande vizuri, ndivyo miguu inavyozidi kukimbizwa ukishuka: kwa 20 ingekuwa karibu 150. Mwenye friwili hachagui kati ya mawili hayo. Mwenye fiksi lazima achague, na popote atakapochagua atapoteza upande mmoja. Mimi maoni yangu ni kwamba anayeshuka mlima mrefu kila asubuhi akiwa na malori nyuma yake aweke friwili, na asiyetaka kusikia basi aweke breki ya mbele ya kweli. Kuna wanaojivunia kutokuwa na breki. Sina la kuwaambia.

Jambo moja la fiksi ambalo halisemwi vya kutosha ni tairi. Wanaosimamisha gurudumu la nyuma kwa miguu huliburuta pedali zikiwa palepale kila mara, na idadi ya sehemu zinazolika hutokana na meno. Andika meno ya mbele juu ya meno ya nyuma kama sehemu ya hesabu, ipunguze mpaka isipungue tena, kisha tazama namba ya chini. 42 kwa 18 ni 7 kwa 3, kwa hiyo tairi inalika sehemu tatu tu na itatoboka upesi. 42 kwa 17 haipunguki, kwa hiyo unapata sehemu 17. Jino moja linaweza kukununulia tairi nyingine.

Kuna kipindi nilikuwa nageuza gurudumu. Fiksi ya 17 kwa mjini na tambarare, halafu nikifika Mamboleo natoa spana namba 15, nageuza, naendelea na friwili ya 20. Si jambo jipya. Wapanda baiskeli wa Tour de France walifanya hivyohivyo chini ya milima mpaka 1937, mwaka vibadilisha gia viliporuhusiwa. Henri Desgrange, mwanzilishi wa mashindano hayo, aliviona ni vya wanyonge. Wao walikuwa na taji la kugombea. Mimi nilikuwa na vijana wa boda pale steji wanaonipigia makofi kila nikiinama.

"Omera, imekufa tena?"

"Haijafa, naibadilisha gia."

"Kwa spana?"

Niliacha, na siyo kwa sababu ya kucheka kwao. Meno matatu ya tofauti yanasogeza ekseli karibu sentimita moja, kila mara lazima ukaze cheni upya na kupanga mpira wa breki upya, na mikono yenye grisi haishiki vitambaa vyeupe. Fiksi sasa ni ya siku ya mapumziko, nikishuka Dunga.

Mjomba wangu anaishi ndani zaidi, kule Maragoli, ambako milima si mirefu ila imesimama kama ukuta kati ya mawe makubwa. Aliponiuliza achukue meno mangapi nilimwambia asibadilishe kitu. Ukuta wa mita hamsini unaokutana nao mara moja kwa siku hauna haki ya kukuchagulia gia ya safari nzima. Shuka, sukuma, panda tena. Waliokuwa wakibeba maziwa na mikungu ya ndizi kwa Black Mamba walifanya hivyo miaka yote na hakuna aliyewaona dhaifu. Riat ni tofauti kwa sababu ni ndefu; ukiisukuma, umefanya safari ya miguu huku ukiburuta chuma.

Juzi mwenzangu wa karakana, mama anayeishi upande wa Kajulu na anayebeba majora ya kitambaa nyuma, aliniomba nimfungie kama yangu. Yake ni Black Mamba, 44 kwa 18, na kwa gurudumu lile kubwa inakwenda mita 5.4 kwa mzunguko. Nikamwambia 20 yangu haitamfaa: kwake itakuwa mita 4.8, bado nzito kuliko yangu, na mzigo wake unanizidi. Aanze na 22, ambayo itamfikisha mita 4.4, ila cheni itahitaji kuongezwa pingili kama gurudumu limeshafika mwisho wa mfuo. Akauliza kama ataonekana anakanyaga kasi bila kwenda popote pale Kondele. Nikamwambia ndiyo, ataonekana hivyo.